Shangazi, nimruhusu mwanangu aangalie Parasite?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina kijana wa miaka 15, yuko kidato cha tatu. Anataka kuangalia Parasite, ile filamu ya Kikorea ya familia maskini inayojipenyeza kwenye nyumba ya matajiri. Wenzake shuleni wameshaiona. Baba yake amekataa, anasema inafundisha watoto kuwachukia wenye nacho, tena inawaonyesha wafanyakazi wa ndani kama matapeli. Mimi naogopa damu na mambo ya mapenzi. Halafu siku hizi kijana ameota kiburi. Juzi alimwambia dada wa kazi, mbele ya rafiki zake, asogee kule ananuka vitunguu. Nimruhusu?
Mama wa Mbezi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba binti yangu. Mruhusu, ila muangalie naye, wewe na baba yake, sebuleni. Asiachiwe simu akajifungia nayo chumbani.

Hofu yako ina msingi. Uingereza filamu hii imewekewa umri wa miaka 15, na kwao Korea Kusini vivyo hivyo. Marekani asiyefika miaka 17 haingii sinema kuiona bila mzazi au mlezi. Katikati kuna usiku ambao mume na mke wanashikana kimapenzi kwenye kochi. Nguo wanazo, lakini maneno na sauti vitawatoa jasho nyote. Hapo pelekeni mbele, wala msihutubu. Damu inakuja karibu na mwisho, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto: watu wanachomwa visu mchana kweupe na wanakufa. Hiyo msiiruke, maana kijana anahitaji kuona kisu kile kimetoka wapi.

Kimetoka kwenye harufu. Bwana Park, yule tajiri, si mkali, analipa vizuri na anaongea kwa upole. Lakini kwenye kochi lile, kabla hayo mengine hayajaanza, anamwambia mkewe kwamba dereva wao ananuka kama kitambaa kilichochemshwa, harufu ya watu wanaopanda treni za chini ya ardhi. Dereva mwenyewe, Kim, baba wa ile familia maskini, amejificha chini ya meza palepale pamoja na watoto wake wakubwa, na wote wanasikia. Usiku huohuo wanakimbia kwenye mvua hadi kwao, nyumba iliyozama nusu ardhini, wanakuta maji machafu yamejaa ndani na choo kinatapika. Kesho yake Kim anamwendesha mama mwenye nyumba. Mama yuko kwenye simu anaisifu mvua ilivyosafisha hewa, huku anaziba pua na kufungua dirisha la gari. Mwangalieni Kim usoni akiwa ameshika usukani. Hakuna aliyemtukana.

Nyumba za namna ile zipo kweli. Agosti 2022 mafuriko ya Seoul yaliua watu watatu wa familia moja ndani ya nyumba kama hiyo, mmoja wao binti wa miaka 13. Mwambieni kijana hilo pia.

Kuhusu mumeo, nusu nakubaliana naye. Familia ya Kim inaghushi cheti cha chuo, inamchongea dereva wa kwanza hadi anafukuzwa, kisha inamgeukia mfanyakazi wa ndani wa siku nyingi. Wanajua pichi zinamletea mzio, basi wanatumia tunda hilo kumfanya akohoe na kumsingizia kifua kikuu. Mama yule ana hali mbaya kuliko wao. Muulizeni mwanenu nani alimdhulumu, mumwache ajibu mwenyewe, hata akichelewa. Mwongozaji, Bong Joon-ho, hakuwafanya maskini malaika wala matajiri mashetani, ndiyo maana siioni chuki anayoiogopa baba yake.

Kuna kipande kitakachokugusa wewe. Mama Park yuko njiani anarudi, mvua inamwagika, anapiga simu nyumbani: anataka tambi zichanganywe na nyama ya ng'ombe ya bei kubwa, ziwe tayari akifika, na zimebaki dakika 8 tu. Kwako dada anaamshwa saa ngapi kupasha chakula? Barua yako ni ndefu, binti yangu, lakini hukuniambia anaitwa nani, analala wapi, wala anapumzika siku gani. Nakuuliza kwa upendo, kwa sababu kijana hakujifunza kiburi kile barabarani peke yake.

Suala la vitunguu lisisubiri filamu. Vitunguu vile dada alikuwa anamkatia nani? Kijana amwombe radhi, na iwe mbele ya wale wale rafiki zake, maana walikuwepo alipomdhalilisha. Baba yake awepo. Siku ya filamu dada akitaka kuangalia, akae kwenye kochi pamoja nanyi, na vyombo vitaoshwa baadaye na yeyote. Asipotaka, mwacheni apumzike. Msimgeuze somo la mtoto.