Kwa muuguzi anayejitolea kwenda vitani kwa mara ya kwanza

Wadogo zangu mnaosubiri safari, nimejitolea mara tatu kuuguza majeruhi katika nchi za watu zilizokuwa vitani. Kila mara nilikuta wageni wanaogopa damu. Damu mtaizoea. Kinachotesa ni kuchagua. Majeruhi ishirini wakiletwa kwa mpigo, anayepiga kelele sana mara nyingi si wa kwanza kuhudumiwa, kwa sababu mwenye sauti bado ana pumzi. Mkimbilie aliyenyamaza. Mvue nguo, mgeuze, mkague mgongo na kwapa, maana kipande cha bomu huingia kifuani kwa tundu dogo kama kifungo cha shati.

Mengine mtaelekezwa mkifika: kundi lako la damu liandikwe, viatu vikae kando ya kitanda, redio ikiita uitikie. Ukipata nafasi ya kulala, lala.

Ninaloomba mnisikilize kwa makini ni habari ya majina. Safari yangu ya kwanza, dereva wetu wa ambulensi aliuawa njiani. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja wiki kumi na moja. Jioni ile nikaambiwa niiandikie familia yake barua, nikakaa na kalamu mkononi: nilikuwa namwita "Dereva" tu. Jina lake nililipata kwa karani wa mishahara. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Tangu hapo, wiki ya kwanza naandika daftarini jina kamili la kila mwenzangu, kwao ni wapi, na nani apewe habari. Naanza na wenyeji: madereva, walinzi, wakalimani, wafua nguo. Sisi wageni hali ikichafuka tunaondolewa. Wao hubaki, na ndio wanaouawa kwa wingi zaidi.

Someni habari za meli ya Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga, ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Wanawake walikuwa 77, wengi wao wauguzi, na ni haki kuwakumbuka. Lakini ndani ya meli hiyo mlikuwa pia na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wao hutajwa kwa nadra sana. Kumbukumbu yao ipo Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Mimi siwezi kuwaombea wauguzi wale nikawaruka vijana waliozama nao.

Mwenzenu akifa, habari zisisambazwe wala picha yake isirushwe kabla ya familia kuambiwa. Vitu vyake vihesabiwe na watu wawili na kuandikwa, hata kalamu, hata kandambili. Mkikabidhiana zamu asubuhi yake, mtajeni kwa jina kabla ya kutaja wagonjwa.

Mke wa dereva yule nilikwenda kumwona kabla ya kuondoka. Nilimpa daftari langu, akaandika mwenyewe jina la mumewe, pole pole, kwa herufi za kwao nisizoweza kuzisoma. Ukurasa huo ninao.