Maswali yenu: kulipia chakula cha hoteli kabla hujakila

Skuli zikikaribia kufungwa, barua za hoteli huwa nyingi. Leo nimechagua zinazouliza habari ya chakula, maana hapo ndipo familia nyingi zinapotoboka mfuko.

Tunakwenda Nungwi, kaskazini ya Unguja, usiku 3, mimi, mke wangu na watoto 4. Siku ya pili tutapanda mashua kwenda Mnemba. Hoteli inatushauri tuchukue fulu bodi, yaani milo yote mitatu ya siku. Tukubali? (Baba, Mwanakwerekwe)

Ndugu yangu, shika kalamu uandike kila mlo, na mbele yake mahali mtakapokuwa saa ya kula. Siku ya kwanza mnapewa chumba saa 8, kwa hiyo chakula cha mchana kimeshapita. Siku ya pili mko baharini, na safari za mashua aghalabu huwa na samaki wa kuchoma na matunda ndani ya bei, basi mchana huo utaulipia mara mbili. Siku ya nne mnarudisha ufunguo saa 4 asubuhi. Umebakiwa na mchana mmoja tu. Chukua hafu bodi, yaani chai ya asubuhi na chakula cha usiku, na mchana huo mmoja ingieni kijijini mkale wali na samaki kwa mama ntilie.

Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi kama maji ya mezani yamo. Soda je? Hoteli nyingi hazihesabu vinywaji katika hafu bodi wala fulu bodi. Watu 6 wakinywa soda moja moja kila usiku, hizo ni soda 18 ambazo hukuzipangia, tena kwa bei ya hoteli. Uliza na umri ambao mtoto anaanza kulipiwa kama mtu mzima, kwani kila hoteli ina mpaka wake. Na mbona katika barua zote hizi hakuna hata mmoja aliyetaja bei ya mkaazi, yaani ya anayeishi hapa nchini? Hoteli nyingi zinayo. Asiyeuliza haambiwi.

Kulipia chakula mapema ni nafuu au ghali? (Kiembesamaki)

Hoteli gani, watu wangapi, siku ngapi? Swali hili nimelipata mara 4 mwezi huu, na mara zote halina hata jina la kijiji. Niandikie tena.

Wakwe zangu wanakuja kutoka Tanga, watalala Shangani. Niwalipie chakula cha usiku hapo hotelini iwe zawadi? (Dada, Mpendae)

Hapana, dada. Usiku mmoja wapikie nyumbani kwako, maana mkwe hakuvuka bahari kuja kula tambi za hotelini. Usiku mwingine wapeleke Forodhani, ni hatua chache kutoka Shangani. Jua likizama meza zinapangwa, kuna urojo, kuna mishikaki, kuna juisi ya miwa iliyotiwa tangawizi na ndimu. Ila bei ya kamba na pweza iulizwe kabla kijiti hakijawekwa motoni, na mshikaki uliopoa ukarudishwa jikoni kupashwa usiukubali.

Nitasema na ambalo hukuniuliza, kwa sababu linaniuma. Kila mlo unaolipiwa mapema ndani ya ukuta wa hoteli ni mlo ambao muuza urojo hakuuza. Wapo wageni wanaomaliza wiki nzima Kiwengwa kwa mpango wa kila kitu ndani, na embe la kijijini hawakulionja. Sisi wenyeji tukifuata mtindo huo huo, mama mwenye karai lake la bajia amtegemee nani?

Tutapumzika Jambiani siku 2 za Ramadhani. Chai ya asubuhi imo kwenye bei. Ndiyo imepotea? (Mume na mke, Fuoni)

Itapotea mkinyamaza. Pigeni simu siku mbili kabla, muombe chai hiyo igeuzwe daku iletwe chumbani, na kama mna hafu bodi, chakula cha usiku kianze Magharibi kwa tende na uji. Mkisema mapema mpishi anapanga zamu yake. Mkisema usiku wa manane hayupo tena. Mimi mwaka mmoja nilifika hoteli ya pwani ya mashariki bila kutoa taarifa, nikafuturu kwa maji na ndizi mbili huku nikingoja chumba cha kulia kifunguliwe. Mwenye watoto wadogo wasiofunga yeye achukue fulu bodi mwezi huo, kwa kuwa mchana mikahawa ya vijijini hufungwa.

Kaka yangu anatupeleka Walt Disney World, zile bustani za michezo za Orlando, Marekani, usiku 5. Tununue mpango wao wa chakula? Watoto wana miaka 11 na 4. (Mama, Chukwani)

Mpango ule huuzwa pamoja na chumba cha hoteli zao wenyewe, na huhesabiwa kwa usiku. Kila mwenye miaka 3 na zaidi chumbani lazima awemo, na kuanzia miaka 10 mtoto huhesabiwa mtu mzima, kwa hiyo huyo wako wa 11 utamlipia bei kamili. Bahashishi ya mhudumu haimo. Milo isiyotumika hufa usiku wa manane wa siku ya kuondoka.

Lakini kwetu suala kubwa ni nyama. Mpango ule humfaidisha anayeagiza sahani za bei kubwa, na hizo mara nyingi ni za nyama. Familia inayokwepa nyama isiyo halali, ikila samaki, mboga na chipsi, itakuwa inalipia steki za watu wengine. Msinunue. Vyakula vyenu mnaruhusiwa kuingia navyo bustanini, mradi visiwe kwenye chupa za kioo, na maji ya barafu kwenye kaunta za chakula cha haraka hutolewa bure.

Na Pemba, Kigomasha? (Kijana, Bububu)

Huko chukua fulu bodi bila kusita. Mji wa karibu ni Konde, na katikati pana msitu wa Ngezi. Usiku hutatoka kwenda kutafuta chipsi. Waambie tu mapema kama yupo asiyekula pweza, kwani soko liko mbali na wao pia.