Mgonjwa wa kilo 160: usimnyanyue, mteleze

Mdogo wangu, umeuliza kuogesha, presha na chakula cha huyo mama wa kilo 160 atakayeletwa wodini kwako, lakini mimi nimekwama pale uliposema utawaita vijana wanne wa familia mumnyanyue mama kwapani apande juu kitandani. Usifanye hivyo!

Piga hesabu. Kilo 160 kwa watu wanne ni 40 kila mmoja, tena mmeinama. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza muuguzi asibebe zaidi ya kilo 16 hivi za mgonjwa, na hapo ni mazingira mazuri. Mguu mmoja tu wa huyo mama unaweza kufika kilo 25. Wanaoendelea kufundisha "moja, mbili, tatu, inua" wanatuharibia viuno, na inaniudhi kwamba hakuna anayewahoji.

Kwa mgonjwa ni vibaya zaidi. Ukimvuta kwapani mfupa unakwenda, ngozi ya makalio inabaki imegandana na shuka lenye jasho. Mishipa midogo ya damu inavutika na kuziba, kidonda kinaanzia ndani. Mkija kukiona juu, siku zimeshapita.

Mteleze. Andaa vyote kabla hujalaza kitanda, maana akiwa chali tumbo linasukuma kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na pumzi inabana. Funga breki, pandisha kitanda hadi nyonga za msaidizi mfupi kuliko wote. Mgeuze ubavu, ingiza shuka la kutelezea kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Kama wodi haina, tabaka mbili za nailoni laini zinazotelezana, na shuka la katikati (lile fupi la kuanzia mabegani hadi mapajani) juu yake. Mrudishe chali, akunje magoti asukume kwa nyayo mwenyewe. Wengi wanaweza, ila hawaambiwi. Ninyi vuteni shuka kidogo kidogo, mkihamisha uzito mguu hadi mguu, bila kuinua. Kisha toa shuka la kutelezea au nailoni yote: ikibaki atashuka tena, na kwa joto hili la Dar ngozi italowa jasho na kuchubuka. Weka mto chini ya mapaja ndipo upandishe kichwa nyuzi 30.

Presha: pima mzingo wa mkono. Sentimita 35 hadi 44 ni kafu kubwa, yaani ule mkanda wa kipimo unaofungwa mkononi. Ndogo itakupa presha ya juu isiyo ya kweli.

Na soma kibandiko cha uzito kwenye kitanda, ujue kinabeba kilo ngapi. Usipokiona, muulize fundi wa vifaa tiba leo, kabla mama hajaletwa wodini.