Re: Wamaya wa Guatemala wana sauti kwenye serikali za mitaa au ni picha tu?

Mkuu umeuliza kama Wamaya, wenyeji wa asili wa Guatemala, wanatawala kweli kwao au wanapigwa picha tu na nguo zao za asili. Wanatawala, ila wameipata kwa jasho. Cheki mji wa Quetzaltenango, mwaka 1995 Rigoberto Quemé Chay, mtu wa K'iche' (moja ya makabila ya Wamaya), akawa Mmaya wa kwanza kuchaguliwa meya pale, na hakupita na chama kikubwa, alipita na kamati ya wananchi inaitwa Xel-jú maana sheria yao inaruhusu kamati kama hizo kugombea umeya bila chama, akarudi tena 1999. Mwaka huohuo kura ya maoni ya kuwatambua Wamaya kwenye katiba ikapigwa chini, inauma sana.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni hizi serikali zao za jadi. Mji wa Sololá kuna meya wa manispaa na kuna meya wa asili anayechaguliwa na jamii yenyewe, na sheria ya manispaa ya 2002 inawatambua. Mji wa Totonicapán ndo usiseme, jumuiya 48, viongozi wanashika fimbo ya uongozi mwaka mmoja tu, hawalipwi hata senti, ni zamu ya kutumikia wenzio, wanasimamia maji na msitu. Hao ndo Oktoba 2023 waliitisha mgomo barabara zikafungwa nchi nzima kulinda kura zilizompa Bernardo Arévalo urais, wakakesha na wenzao mbele ya ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu siku zaidi ya 100, fimbo mkononi, hadi akaapishwa Januari 2024.