Mstari mmoja, lakini matiti yanauma
Dada, unasema kipimo cha mimba kimeonyesha mstari mmoja tu, yaani hakuna mimba, ila una kichefuchefu na matiti yanauma. Umepima siku 2 kabla ya tarehe yako ya hedhi, bado mapema mno. Kichefuchefu na matiti kuuma havithibitishi mimba, hata hedhi ikikaribia huwa hivyo. Homoni ya mimba (hCG), ambayo ndiyo kipimo huitafuta kwenye mkojo, mimba ikiwa changa huongezeka karibu maradufu kila siku 2 hadi 3, kwa hiyo hedhi ikipitiliza wiki 1 nunua kipimo kingine duka la dawa, upime na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari wa pili hata ukiwa hafifu, hesabu ni mimba. Ukitokea baada ya muda huo, usiuamini.

Ila tumbo likikuuma sana upande mmoja, au damu isiyo ya hedhi yako ya kawaida ikitoka, panda bajaji hata usiku uende hospitali ya Mwananyamala: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.