Kabla Hujakopa Dola Ukajitolee Nje ya Nchi

Wiki hii msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia. Amemaliza chuo, na ameona tangazo la kujitolea nje ya nchi: kufundisha watoto siku za kazi, kutembezwa vijijini mwisho wa wiki. Malipo ni kwa dola, nauli juu yake. "Dada, nikakope?" Nimemjibu asikope. Ila jibu lile lilikuwa fupi mno, na najua wengi mna hamu kama yake.

Mimi nilijitolea Uganda, kando ya Ziwa Bunyonyi, Kabale. Nilipoaga nyumbani Bukoba, mjomba wangu alicheka mbele za watu: msomi mzima anavuka mpaka kwenda kubeba mchanga, tena bure! Ningetaja London asingecheka, angechinja mbuzi. Maneno yale yaliniuma na mpaka leo yananiuma, kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyoona: kujitolea ni kazi ya wazungu wanaokuja kwetu, sisi kazi yetu kupokea na kupigwa picha. Sikubali. Mikono yetu inafaa kwa jirani kama ya mtu yeyote.

Kabla ya hapo niliwahi kuzungumza na wakala mmoja wa safari za namna hii. Nilimuuliza maswali mawili: kazi hii ameiomba nani, na pesa yangu inakwenda wapi? Akanijibu kwa kunitumia picha za fulana za mradi. Niliachana naye siku hiyohiyo.

Kule Bunyonyi mambo yalikuwa wazi. Kamati ya shule ya msingi moja ilikuwa imeandika inachotaka, na rafiki niliyesoma naye chuoni akanipa barua yao. Walihitaji vitu viwili, tangi la maji ya mvua na mtu wa kuwaanzishia Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, lakini walimu wenyewe wa kukifundisha ni wachache. Hapo nikajua ninakwenda kufanya nini.

Safari yenyewe haina hadithi. Mutukula, Masaka, Mbarara, Kabale, kisha bodaboda mpaka ziwani.

Unaweza kujiuliza shule iliyo kando ya ziwa inakosaje maji. Milima ya Kigezi, eneo hilo la Kabale, imesimama wima, imekatwa matuta toka chini hadi juu, yamejaa viazi, maharage na mtama. Ziwa liko chini, shule iko juu. Mtoto wa darasa la tatu anashuka na dumu tupu anaimba, anapanda nalo kimya. Nilipanda na dumu moja asubuhi ya kwanza, nikafika juu siwezi kuongea.

Tangi lilikuwa la wavu wa kuku na saruji. Fundi alikuwa mama wa makamo wa kijijini hapo, na yeye ndiye aliyetuamuru sote, wageni kwa wenyeji. Mchanga ulikuja kwa mtumbwi, tukaupandisha kwa vichwa na magunia. Saruji sehemu moja, mchanga sehemu tatu, maji kwa kiasi. Plasta ya kwanza aliibandika kwa kiganja, akiisukuma ipenye kwenye wavu, ndipo akashika mwiko. Kila baada ya muda aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Palipotoa sauti ya uwazi alibandua yote akaanza upya, hata kama jua limeshazama. Halafu tukafunika kwa magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, maana saruji ikikauka haraka inapasuka. Mimi ni Mhaya, na Rukiga, lugha ya wenyeji wa huko, si mbali na Kihaya, kwa hiyo nilishika nusu ya mazungumzo ya wale kina mama. Nusu hiyo ilinifunza kuliko semina zote nilizohudhuria.

Darasani nilitumia tangi hilohilo. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya bati, unapata lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, ni lita ngapi? "Elfu moja!" walijibu kwa Kiswahili, darasa zima. Najivunia siku ile na sitaki kuficha.

Matembezi yalikuja baada ya kazi. Nasisitiza: baada. Usikubali ratiba inayokutoa kazini katikati ya plasta ili ukapige picha. Mzee mmoja alituzungusha kwa mtumbwi wa gogo tukaona korongo wenye taji na kisiwa cha Bwama, palipokuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma tangu miaka ya 1930, leo kuna shule. Kisha akatupeleka Akampene, kijisiwa cha majani chenye mti mmoja. Hapo zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe kwa njaa au wazame wakijaribu kuogelea. Mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kuja kumchukua mmoja awe mkewe, bila kulipa chochote. Mzee alisimulia hayo bila kuacha kupiga kasia. Mtalii mmoja wa mtumbwi wa jirani alimwomba mwenzake ampige picha akicheka, kisiwa kikiwa nyuma yake. Niligeuza uso. Jamani, mnapokwenda kutazama maisha ya watu, nendeni na adabu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, uliza kazi imeombwa na nani. Uliza nani ataendelea nayo ukiondoka. Uliza pesa inakwenda wapi, kisha uliza tena. Kama huna ujuzi unaohitajika, jifunze kwanza. Watoto wa watu si mahali pa kujaribia ualimu. Anza na majirani, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, ambako nauli ya basi inatosha. Omba barua ya mwaliko kutoka kwa wenyeji na uende nayo uhamiaji mapema, ukaulize kibali cha kujitolea kabla hujakata tiketi. Beba pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Ukichagua Kigezi, nenda Juni hadi Agosti, mvua ikiwa imepungua na njia za mlimani hazitelezi. Chukua sweta nzito na viatu vya kushika ardhi. Kamati ya shule ile sasa inataka kujenga tangi la pili upande wa jikoni, na inatafuta mtu wa kuendeleza Kiswahili darasa la nne. Ukiwa tayari niandikie, nitakuunganisha nao.