Mama kapimwa msuli wa paja mara mbili, majibu hayafanani: nini kimetokea?

Mleta mada, pole kwa kuuguza. Umesema mama ana miaka 72, yuko Usa River, miguu inamwishia nguvu. Altrasaundi ya Arusha iliandika msuli wa mbele ya paja una sentimita 3, ya Moshi miezi miwili baadaye ikaandika 2.4, na sasa mmeambiwa mtafute hela ya MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku. Mimi napiga altrasaundi hapa Moshi, na mabibi wa rika hilo nawapima sana. Kwa karatasi hizo mbili, hakuna anayeweza kukwambia msuli umepungua.

Msuli huo haulingani unene kutoka nyongani hadi gotini, ukishuka chini unakonda. Mmoja akipima katikati ya paja na mwingine akateremka vidole vitatu vinne, tofauti kama hiyo inaweza kupatikana bila mama kupoteza nyama yoyote. Ndiyo maana mimi nashika tepu kwanza: kutoka mfupa unaojitokeza ubavuni mwa nyonga hadi ukingo wa juu wa pia ya goti, natia alama ya kalamu katikati, na umbali naandika kwenye ripoti. Picha za ripoti ulizotuwekea hazina hata moja yenye maelezo hayo.

Halafu kuna mkono wa mpimaji. Kwenye skrini, ule mstari mweupe uliopinda ni mfupa wa paja. Juu yake imelaliana misuli miwili, wa chini umeukumbatia mfupa, wa juu umekaa kama yai lililobonyezwa, kisha mafuta, kisha ngozi. Nikikandamiza proba, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, kidogo tu, misuli inabonyea huku naiona na namba inashuka. Inatakiwa jeli ya kutosha, proba iguse jeli tu.

Na mgonjwa naye. Bibi wa Kibosho hafunui paja kirahisi, kanga ameing'ang'ania kwa mikono miwili, na jeli ya baridi ya Julai ikimgusa paja zima linakaza. Paja lililokazwa linasomeka nene. Kwa hiyo nampa shikamoo yake, namlaza chali dakika kadhaa, tunaongea habari za majani ya ng'ombe mpaka mguu ulegee wenyewe. Sehemu zenye foleni ndefu hakuna anayesubiri hivyo, na siwalaumu sana.

Unene peke yake pia hautoshi. Msuli wenye afya unaonekana mweusi-mweusi wenye nyuzi nyembamba nyeupe. Ukiingiliwa na mafuta na makovu unang'aa, na hapo unakuta mama mwenye paja nono lakini kuinuka kwenye kigoda hawezi. Ila weupe huo hubadilika kwa mipangilio ya mashine, kwa hiyo linganisheni picha za mashine ileile tu.

MRI ni nzuri, sibishi. Inaonyesha paja zima kama limekatwa kipande, kila msuli na mipaka yake, mafuta yakitengwa na nyama, na haina mionzi. CT, ile eksirei ya vipande-vipande, nayo inasoma msongamano wa msuli kwa namba, mafuta yakiwa chini ya sifuri, maji sifuri, msuli juu yake, lakini ina mionzi. Kwa mama yako nisingeanzia huko. Miongozo ya Ulaya ya 2019 kuhusu kupungua kwa misuli uzeeni inatanguliza nguvu: ainuke kitini mara tano, mikono imekunjwa kifuani, na ikizidi sekunde 15 nguvu imeshuka. Hilo mnafanya sebuleni bure, mtu akisimama karibu asije akaanguka. Nguvu hupungua haraka kuliko nyama, ndiyo maana picha inaweza kuwa nzuri na mama bado anashika ukuta.

Mkipima tena, rudini palepale, kwa mpimaji yuleyule ikiwezekana, na muombe alama ya katikati iandikwe.

Halafu hujasema, ni miguu yote miwili au mmoja? Ukikonda mmoja tu, hilo mara nyingi ni suala la goti, mgongo au mshipa wa fahamu, na kama ni MRI basi huenda ikahitajika ya mgongo, siyo ya paja. Zungusha tepu mapaja yote mawili, umbali uleule juu ya goti, utuletee namba hapa.